Jicho la Saa Saba na Nusu

Mshauri wetu wa gazeti la Jumapili, nakusihi unisaidie, maana mama nikimwambia atalia na mwalimu nikimwambia atasikitika, na vyote viwili naviogopa. Nina miaka kumi na sita, nasoma darasa la kumi hapa Lahore, si msemaji sana, na tunaishi nyumba moja na baba mdogo Shaukat, mwenye tanuri la matofali pembeni ya mji, tanuri linalotulisha sote. Kwa maonyesho ya sayansi nilichagua kufuatilia setilaiti inayopima moshi juu ya miji mikubwa. Hupita juu yetu mara moja tu kwa siku, mnamo saa saba na nusu mchana, na jioni napakua ramani yake ya vijimraba vya rangi, vyekundu palipo na moshi mwingi, na Lahore yetu huonekana kama kaa la moto lililosahaulika kwenye majivu. Mchana inapopita hupanda darini, juu ya nyumba, nikatazama juu, ingawa haionekani, nikahisi kama kuna mtu anapita kimya huku akituhesabu pumzi.

Baba mdogo alinikuta huko mwezi wa kumi. "We msomi, unamngoja nani mawinguni, mchumba?" Nikacheka, nikamweleza yote, hata saa. Akauliza, "Kwa hiyo hilo jicho lako likishapita, halioni tena mpaka kesho?" Nikasema ndiyo, nikafurahi kwamba kuna mtu anauliza.

Tangu siku hiyo yeye na wenye matanuri wote wa barabara ile hutia matairi mabovu, kuni zao za bei rahisi, motoni baada ya saa nane tu, si asubuhi tena. Upande wetu wa ramani umepoa, wekundu umekuwa manjano, na mwalimu Rukhsana ameliambia darasa zima kwamba hewa inatengemaa na kazi yangu ndiyo ushahidi, na Jumamosi inakwenda maonyesho ya mkoa. Huku nyumbani bibi anakohoa kila alasiri mpaka anashika ukuta. Na baba mdogo, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, hunipigia simu kila mchana: "Jicho lako limeshapita, mwanangu?" Nami namjibu, "Limepita." Nifanyeje?

Mtazama Anga, Lahore

*

Mtazama Anga, pole, mwanangu. Kumsimulia mtu unachokipenda si kosa. Lakini hilo la simu, hapana! Hapo ulishajua, na bibi anakohoa chumba cha pili. Usijifiche nyuma ya upole wako.

Setilaiti ilisema ilichokiona dakika ile. Mwongo ni atakayeichukua dakika hiyo akaiita siku nzima, na Jumamosi utakuwa wewe.

Leo hii mpelekee baba mdogo chai pale tanurini, mkiwa wawili tu. Mwambie hutamtaja jina, ila juu ya ramani utaandika kwa herufi kubwa saa ya kipimo, na pembeni moshi uliouona kwa macho yako kuanzia saa nane hadi magharibi, siku kwa siku. Atafoka. Mwache afoke, chai ipoe, nawe urudi nyumbani. Kisha mweleze mwalimu kabla ya Ijumaa, hata kama ushindi utakwenda kwa mwingine. Na bibi aonwe na daktari wiki hii.

Kesho simu ikilia, mjibu kama kawaida: "Limepita, baba." Kisha ongeza: "Ila mimi bado niko darini, naangalia."