Perege wa Kwihara na Togwa Yako

Mama Hadija mke wangu, salamu. Usinune kwamba nimekawia huku Kwihara. Hadija wetu ndiye mtunza bwawa la samaki la kijiji hiki cha ujamaa. Perege walikula pumba magunia kwa magunia wakabaki kama dagaa, mkutano ukataka bwawa lifukiwe. Nikamwambia achanganye pumba na togwa iliyochacha. Akacheka, "Baba, utawalewesha." Mimi sibishiwi, nikachanganya mwenyewe. Sasa wanakula pumba kidogo tu na wamenenepa, mmoja anajaa kiganja. Bwawa halifukiwi tena. Kijiji kizima kinaniita Bwana Samaki, nami naitika. Ila aliyenona kuliko wote nimemkausha kwa moshi nikuletee, maana nilikuona wewe ukiwalisha bata wetu vivyo hivyo. Jirani usimpe hata mkia.

Mumeo, Baba Hadija