Jina ndani ya kola

Kinshasa

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Goti lako iko namna gani? Kama bado linakuuma ukienda shambani, muache Ramazani alime, mudogo wangu amekuwa mwanaume sasa, asikae tu kumaliza chai yako. Mimi niko muzima. Joto ya Kinshasa inanichosha, Lingala yangu wanaicheka, lakini masomo yanaendelea.

Hii habari siwezi kukuambia ku simu. Nitaanza kulia, utasema rezo ni mubaya, sauti haifiki, utakata.

Tunatengeneza filme ya kumaliza masomo, juu ya watu wa kwetu waliokimbia vita. Mimi wamenipa jenerike, ile sehemu ya mwanzo yenye majina ya wote waliofanya kazi. Wenzangu walitaka maandishi ya ordinatere, ya kompyuta, yanayorukaruka. Nikakataa. Nikasema majina yatashonwa na uzi mwekundu, sindano ionekane inapanda na kushuka, kama wewe ulivyoshona majina yetu ndani ya kola za nguo, siku zile bunduki zilikuwa zinakaribia mutaa wetu wa Mikelenge. Ulisema, "Mutoto akipotea, kola itasema ni nani." Na kila jina uliliachia mukia wa uzi, ili nguo ikimufikia mudogo wake, uvute, jina litoke, ushone lingine.

Walinicheka, Mama! "Zaina, unatengeneza filme ama unashona mashuka ya ndoa?" Nimejichoma vidole vyote. Lakini profesa alipoona alisema, "Hii njo jenerike." Nilifurahi sana. Nimeshamaliza majina kumi na moja. Langu njo linanishinda. Nikianza ile Z, ninaufumua uzi tena.

Sasa nikuambie. Asubuhi ile tulipokimbia, mudogo wangu Sauda alikuwa analilia robe yangu, ile gauni ya maua. Wewe ulikuwa unafunga mizigo, nikamuvalisha haraka ili anyamaze. Ukamufunga kitenge juu yake kwa sababu ya mvua, hukuona. Ndani ya kola kulikuwa bado jina langu. Njiani nikamuachilia mukono niokote sufuria iliyoanguka, watu wakatusukuma, na nilipoinuka hakuwako.

Miaka yote ile uliuliza ku musikiti, ku soko, mpaka kwa madereva wa Lubutu: "Hamukuona mutoto mudogo, kola yake imeandikwa SAUDA?" Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika kitenge chako, nimenyamaza. Nilikuwa na miaka saba, niliogopa utanichukia. Nikakuwa mukubwa, woga ukabaki palepale. Yeye alikuwa na miaka mitatu tu, kujitaja jina alikuwa bado hajui. Kama muntu alimuokota, akasoma kola, basi leo anaitwa Zaina. Ni mimi nilikupotezea njia ya kumutafuta. Nisamehe, Mama, nakuomba.

Filme itaonyeshwa kwetu Kindu, Lubutu, mpaka kule kunaitwa Kama, kwa wachimbaji wa dhahabu. Uliposhona ile robe, kitambaa kilibaki kipande, ulikishonea muto wa Bibi. Kata kola hapo. Unishonee ZAINA kwa mukono wako, na ile Z yako inayolala. Nitaiweka mwanzo kabisa, mbele ya majina yote, ikae muda murefu. Labda kuna mama mumoja amekaa na robe kama hiyo ndani ya sanduku.

Mujomba aliyekuletea barua hii atarudi huku kisha wiki mbili. Ukiwa na hasira, usiniandikie kitu, mupe kola tu. Lakini mukia wa uzi usiukate.

Nisalimie Bibi, umuombee ruhusa ya muto wake. Nisalimie Ramazani, na jirani yetu Mama Mwajuma aliyetembea na wewe kutafuta mpaka miguu ikavimba.

Ni mimi, mutoto wako wa kwanza. Jina siandiki hapa. Sauda njo iko nalo.