Mvuke Nyuma ya Nyumba ya Rasoa

Jumatatu, 4 Machi 1957
Tumepanda Mlima Menengai tena. Mimi na vipimajoto, Bwana, mtaalamu wa volkano ninayemsaidia, mbele na ramani yake. Kazi ni ile ile: natia kipimajoto kwenye tundu la mvuke, nangoja, nasoma, yeye anaandika. Joto limepanda. Nimeungua kidole.

Jumatano, 6 Machi
Ardhi imetikisika mchana. Vikombe vikagongana mezani. Bwana akakimbilia mashine yake, ile yenye sindano inayochora mitetemeko. Amenieleza: mawe yaliyoyeyuka chini yakipanda, hupasua mwamba, na ndipo tunatikisika. Mitetemeko ikizidi na ardhi ikivimba, huenda mlima ukalipuka. Huenda. Kuna milima iliyotikisika mwaka mzima halafu ikanyamaza. Nalichukia neno hilo.

Jumamosi, 9 Machi
Kwa dada yangu Rasoa. Mumewe Yohana hukamua ng'ombe katika shamba la mzungu, chini ya mlima. Mvuke umetokeza nyuma ya nyumba yao. Mahindi ya hapo yamekauka yakiwa mabichi. Rasoa akaniuliza mbele ya majirani, "Ndugu yangu, wewe ndiye unakaa na mwenye mashine. Tuhame ama tukae?"
Nikasema sijui. Mtu akacheka. Naona haya mpaka sasa.

Jumatatu, 11 Machi
Nilimsihi Bwana aongee na mwenye shamba, kina Rasoa na wenzao wa kambi ya wafanyakazi wahamishiwe upande wa barabarani. Akaenda, nami nikamfuata. Mwenye shamba akauliza mlima utalipuka lini. Bwana akasema hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku.
"Basi wakamue."
Ikaishia hapo. Bwana alikuwa mwekundu njia nzima. Alisema kweli, na ile kweli ndiyo iliyotuangusha.

Alhamisi, 14 Machi
Mitetemeko tangu asubuhi. Karatasi imejaa michoro. Bwana anasema mashine moja haitoshi kujua inatoka kina gani. Ameagiza nyingine Nairobi. Zitakuja mwezi ujao, labda. Sili vizuri.

Jumamosi, 16 Machi
Sakafu ya Rasoa imepasuka. Mvuke umemuunguza mtoto mguu. Wamempaka dawa zahanati, analia tu. Nyapara amemwambia Yohana: ukiondoka bila ruhusa, kazi huna, nyumba huna, na usirudi. Yohana ameenda kufunga mizigo.
Mimi nilibeba masufuria. Hilo tu ndilo nililoweza.

Jumanne, 19 Machi
Stesheni. Wanarudi nyumbani Maragoli, kwenye shamba dogo ambalo ndugu za Yohana wameshagawana. Nilitaka kuomba msamaha, nikakosa pa kuanzia. Rasoa akanishika mkono dirishani.
"Usijisumbue. Wengine wote walijifanya wanajua."
Treni ikaenda. Sikungoja ipotee.

Jumamosi, 30 Machi
Wiki nzima kimya. Sindano inachora mstari ulionyooka. Joto limeshuka. Nimemuuliza Bwana kwa nini. Akainua mabega. Amechoka, nywele zimemtimka. Yohana amepoteza kazi kwa ajili ya mlima ambao haukulipuka. Lakini je, kama ungelipuka? Nazunguka hapo hapo.

Jumapili, 7 Aprili
Baada ya ibada nilipita kambini. Nyumba ya Rasoa ina watu wapya, kutoka Keringet. Wamesiriba sakafu upya. Mama wa hapo alikuwa anachambua mboga mlangoni, mtoto mgongoni. Nikasalimia. Nilitaka kumwonya, lakini nimwonye nini?
Akanisogezea kiti. Nikakaa, nikamsaidia kuchambua.