Yowe la Nyansiongo

Dada Mwanaisha,

Shikamoo. Huku Nyansiongo ni baridi ya kuvaa koti mchana, mvua haikatiki, na ndizi za kuchemsha wanazila kwa maziwa lala. Ungezipenda.

Serikali inataka mpaka wa hapa mtoni utulie na wizi wa ng'ombe ukome. Juzi barazani, kapteni wa kikosi alieleza agizo hilo litatekelezwaje hapa. "Mkisikia yowe la hatari, kila mtu abaki ndani. Atakayeonekana karibu na mto ni adui."

Mama mmoja, Kemunto, akasimama. "Afande, huku kwetu yowe likilia, mwanamume anakimbilia huko. Mume wangu Ondieki asipoenda kwa jirani, siku yetu nani atakuja?"

"Askari watakuja."

"Na hao askari wako watamjua Ondieki wakimwona mgongo?"

Watu walicheka. Hata kapteni alitabasamu.

Jana asubuhi ng'ombe wa jirani alikwama kwenye tope kando ya mto, mwenyewe akapiga yowe. Ondieki alitoka mbio na kamba. Askari walimpiga risasi kabla hajamfikia ng'ombe.

Nilimkuta Kemunto ameketi kando ya maiti, ameuma leso, kimya. Nilidhani ni mshtuko. Jirani akaninong'oneza, "Anajizuia. Akilia, watu watakuja mbio, na askari bado wako mtoni."

Mungu akupe afya, dada yangu. Ukimsomea Mama kadi hii, ishia kwenye ndizi.

Ndugu yako,
Salim