Chumvi ya Haluli Uliyonitumia

Industrial Area, Nairobi
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Mwende,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Kyuso. Mvua imewafikia? Ndengu zimeshika? Mimi leo ni mzima, nimekula na nimefua shati langu mwenyewe, kwa hivyo usisome barua hii kwa hofu.

Musyoka ameniambia kwamba tangu alipokuja huko na kusimulia mambo yangu sokoni, umesema hutakuja tena kunitembelea wala kunitumia kitu, kwa kuwa mkono wako nusura uniue. Musyoka ni binamu yetu na ndiye anayenilaza kwake, lakini mdomo wake hauna breki. Nataka uyasikie kutoka kwangu.

Ni mimi niliyekuandikia kwamba tumbo limefunga. Tangu figo zikatae kazi na nianze kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kila Jumanne na Ijumaa, naruhusiwa maji kidogo tu, na choo kinakuwa kigumu. Wewe ukafanya kama ulivyofanya kila shule ilipofungwa, baada ya mama kutuacha. Ulitupanga mlangoni, ukampa kila mmoja kikombe cha chumvi ya haluli ya kuosha tumbo, halafu uji. Wote tulikua. Mkebe wa chumvi hiyo ulipofika kwa basi nilifurahi sana. Nilikoroga vijiko viwili Jumamosi, na viwili Jumapili.

Jumatatu nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Kope zilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na nimebeba magunia miaka kumi na moja, uzito naujua. Jumanne Musyoka na jirani walinifikisha hospitali wakinishika huku na huku. Daktari alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukakaa tu kama wa meza. Sista akaniuliza nimekula nini, nimekunywa dawa gani. Nikasema ugali. Akauliza tena, nikasema ugali. Dada, niliona aibu. Sikutaka wacheke dawa ya kwetu.

Kitanda cha pili alikuwa Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi, ambaye tunasafishwa naye siku moja.

"Kijana," akasema, "si Ijumaa ulikuwa unanitambia kwamba dada yako amekutumia chumvi ya kuosha tumbo? Sema, au nitasema mimi. Ukifa nitaongea na nani hapa, ukuta?"

Nikasema.

Daktari hakucheka. Alinieleza kwamba chumvi ile ina kitu kinaitwa magnesiamu. Kila mtu anayo katika damu, na inahitajika, maana ikipungua sana misuli inakaza na moyo unaruka-ruka. Mwenye figo nzima akizidisha, anaitoa kwa mkojo. Mimi sina mkojo wa kuitoa, kwa hivyo kila kijiko kilibaki ndani. Alisema ningeongeza kidogo tu, ningesahau kupumua. Wakaniweka kwenye mashine hapo hapo. Jioni akanigonga goti tena na mguu ukaruka, nusura umpate tumboni. Mzee Abdalla akasema, "Huyo amerudi. Mfungeni kamba."

Wewe hukujua, na mimi pia sikujua. Lakini kunyamaza ni kosa langu peke yangu. Sasa nauliza kabla ya kumeza chochote, hata vidonge vya kiungulia vya dukani, kwa sababu vingine vina hiyo hiyo magnesiamu. Kwa choo wamenipa dawa nyingine, na inafanya kazi. Nyapara amenitoa kwenye magunia, nakaa getini, na siku za mashine hanigombezi. Namshukuru Mungu kwa hayo yote.

Mkebe wako sikuutupa. Niliusugua, nikauonyesha daktari, akasema mikebe miwili kwa siku, pamoja na chai. Ndio ninaopimia maji yangu.

Kwa hivyo njoo, dada. Ndengu zikishavunwa, njoo mikono mitupu, unipikie tu. Sista amesema mboga zichemshwe na maji yamwagwe, na Musyoka anazipika mpaka zinakuwa kamasi.

Nisalimie shemeji, shangazi wa kanisani anayeniombea, na Kasyoka kitinda mimba wako, umwambie mjomba bado anapumua.

Naishia hapa. Jua bado liko juu, na nimebakiza nusu mkebe.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Muthui