Nguzo Fupi Ukutani

Njoro, Moshi
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mama limepunguza kuuma. Mimi mwili haujambo. Ningepiga simu, lakini nakufahamu: ungeniuliza kama nimekula, nami ningepata pa kujifichia.

Aika alipita jana kuniletea ndizi. Amesema tangu wazee wakuvue uenyekiti wa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na kumpa Mzee Shedrack, huongei sana nyumbani. Nilimenya ndizi bila kumtazama dada yangu.

Unaikumbuka ile chati niliyotumwa na ofisi yetu ya maji kuja kuibandika ukutani siku ya mkutano. Nguzo ya mwaka jana ndefu, ya mwaka huu fupi. Wazee waliisoma kama wanavyosoma kina cha maji bwawani, wakasema robo tatu ya maji ya mfongo imepotelea mikononi mwako. Wewe ulijibu tu kwamba kama mtoto aliyesoma ndivyo alivyopima, basi ndivyo ilivyo.

Baba, sivyo ilivyo. Mwaka jana tulipima lita arobaini na nane kwa sekunde, mwaka huu arobaini na tano. Mvua zilichelewa kidogo, basi. Ila bosi alisema nguzo zinazolingana hazimwamshi mtu, nami nilitaka sifa. Nikazianzisha nguzo kwenye arobaini na nne badala ya sifuri, moja ikapata vipimo vinne, nyingine kimoja. Tarakimu niliziandika ndogo, hakuna aliyesogea kuzisoma. Niliona wazee walivyoelewa, nikakaa kiti cha nyuma, nikanyamaza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwako.

Naona aibu hata kuandika jina lako kwenye bahasha. Nimechora upya kuanzia sifuri, na Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya watu wote niseme nilichofanya. Kazi ikiniponyoka, iniponyoke. Sikuombi unisamehe kabla ya hapo.

Lakini Aika amenieleza jambo jingine, kwamba kila asubuhi unashuka mfongoni peke yako na jembe, ukifukua kutafuta yanakovujia maji. Tafadhali baba, pumzika. Hayavuji popote.

Mama na majirani wote nawasalimu kwa unyenyekevu.

Mwanao,
Elisifa