Jiwe Lako Halipo Makumbusho

Mhezi, Jumanne

Shikamoo mama,

Huku juu ni ukungu na manyunyu, na sukari hakuna. Nimekwenda kuliangalia jiwe lako la kusagia kama ulivyoniagiza, lile ulilowapa watu wa makumbusho siku ulipohamia Lembeni. Vitu vya wazee wameviweka katika nyumba ya zamani ya watawa, ile yenye kuta nene. Mivukuto ya wahunzi ipo, vibuyu vipo. Mahali pa jiwe nimekuta kibao tu: jina lako, na chini yake, "Chombo cha zamani, hakitumiki tena."

Nikamuuliza mzee anayelinda, jiwe liko wapi.

"Wanasagia," akasema. "Mashine haina dizeli, huu mwezi wa pili. Lilitoka Ijumaa, na bado nyumba sita zinalisubiri."

Kila anayeliazima huacha kibakuli cha unga pale penye kibao, kama ulivyokuwa ukidai wewe. Anayeupokea ni huyo mlinzi, na kwa kweli amenenepa. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwanao alikitazama kibao, kisha akanimiminia unga wote wa leo kwenye leso yangu.

Nitashuka nao Jumamosi. Upike uji, unywe taratibu, na magoti yapumzike. Unga wenyewe nimeuonja. Una chembe za mchanga wa jiwe, kama ule uliotulea.

Mwanao,
Eliamani